Bibi wa Mbamba Bay alituuliza picha zinakwenda wapi

Wengi wenu mnatujua kwa picha za harusi, na kwa sharti letu moja: bi harusi akisema picha zake zisitoke nje ya familia, hazitoki. Zipo ambazo hata kaka zetu wa damu hawajaziona.

Basi tulifunga safari hadi Mbinga, tukateremka Mbamba Bay, kumfuatilia yule Mskochi, David Livingstone. Hapa Unguja nyumba aliyofikia mwaka 1866 iko Funguni, tunaipita kila siku. Kule tulitaka ziwa Nyasa, alilolifikia 1859, na milima ya upande wa Manda inayoitwa kwa jina lake. (Yeye mwenyewe hakuipanda. Jina lilipewa tu.) Mandhari usiulize! Unaacha mashamba ya kahawa ya Wamatengo, unakata kona, maji hayo, buluu mpaka macho yanachoka.

Asubuhi tukawakuta kinamama ufukweni, wengine wanaanika usipa, wengine wanafua, khanga kifuani. Mwanga ulikuwa mzuri. Tukapiga, hatukuuliza. Bibi mmoja akatuita:

"Wanangu, hizo picha zinakwenda wapi?"

Tulikosa jibu, kwa sababu zilikuwa zinakwenda Instagram.

Kuna watakaosema ufukwe ni mahali pa wazi. Haya, na ukumbi wa harusi wenye watu mia tatu, si wa wazi? Mbona humo tunaomba idhini, na kumfunika bi harusi kabla wanaume hawajaingia? Tulichokuwa tunakifanya pale ni kuamini kwamba stara ni ya mteja anayelipa, na mwanamke wa kijijini ni mandhari, kama mlima. Tunaona hilo ni kosa, na hijabu zetu hazikulifanya dogo.

Usiku ule tulimkumbuka Halima, mpishi wa Livingstone katika safari yake ya mwisho. Kwenye shajara zake, zilizochapishwa London 1874, anamsifu, na anaandika kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani. Hakufika. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, na Halima alikuwamo katika msafara uliobeba maiti yake mpaka Bagamoyo. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza, wakapigwa picha, wakasaidia kuandaa zile shajara. Halima hakupelekwa. Aliyekuwa akimpikia mtu njia nzima kabaki jina moja tu ndani ya kitabu cha mwingine, na wageni kama sisi tunavuka bara zima kupiga picha milima ambayo mwenye jina hakuikanyaga.

Kwa hiyo, bi harusi unayepanga fungate ziwani na mpiga picha wako, muulize atafanya nini na wanawake watakaoonekana nyuma yako. Akisema "hao hawajali", tafuta mwingine.

Kulipokucha tulirudi kwa yule bibi, tukakaa naye kwenye mchanga, kamera mikononi mwake. Alituamuru tufute saba. Mbili aliziacha. Moja akataka tumpelekee imechapishwa, kubwa, ya ukutani. Tumeshaichapisha, iko dukani kwetu imefungwa kwa khanga, inasubiri mtu anayekwenda Mbinga.