Mjamzito aelezwe kipimo kabla ya kutolewa damu

Katika miji mikubwa ya ukanda wetu zipo hospitali binafsi na maabara zinazochukua damu ya mjamzito, kuanzia wiki ya 10, ili kutafuta dalili za hali ya Down na kasoro nyingine za kromosomu za mtoto. Mara nyingi damu hiyo husafirishwa nje ya nchi kwa uchunguzi. Elimu yake ilianza mwaka 1997, pale Dennis Lo na wenzake walipoonyesha kuwa chembe za vinasaba vya mtoto huelea katika damu ya mama. Ni hatua kubwa na hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni na namna majibu yanavyomfikia mama. Wapo wanaopewa karatasi, au ujumbe wa simu, wenye maneno “hatari kubwa” na tarakimu mbili tatu, kisha wanarudishwa nyumbani walale nazo.

Kipimo hicho ni cha awali. Kazi yake ni kuonyesha nani achunguzwe zaidi, wala hakisemi mtoto ana nini. Mama akiambiwa uwezekano ni 1 kati ya 150, maana yake ni kwamba kwa wajawazito 150 wenye majibu kama yake, 149 hawatakuwa na mtoto mwenye tatizo hilo. Mtu mwenye hofu huiona ile moja tu, na hatumlaumu. Tunamlaumu aliyempa tarakimu bila kukaa naye chini dakika 10.

Hata kipimo cha vinasaba, kinachosifiwa kwa usahihi, kinahitaji hesabu hiyo. Tuchukue wajawazito 1,000 wenye umri mdogo, ambao kati yao mmoja tu amebeba mtoto mwenye hali ya Down. Kipimo kikikosea mara moja tu kwa kila watu 1,000 wasio na tatizo, kitatoa majibu mawili ya kutisha: moja la kweli na moja la uongo. Kwa mama wa miaka 40, ambaye uwezekano wake ni karibu 1 kati ya 100, kipimo kilekile kikisema ndiyo, kwa kawaida huwa kweli. Karatasi ni ileile, uzito wake si uleule. Na kuna majibu ya tatu ambayo wengi hawaambiwi kabla: kipimo kushindwa kusoma, pengine kwa sababu damu ilichukuliwa mapema mno au mama ana uzito mkubwa. Hapo huanza upya, na wiki zinakwenda.

Uthibitisho hupatikana kwa sindano. Daktari huchota kipande kidogo cha kondo la nyuma, kwa kawaida kati ya wiki ya 11 na ya 14, au maji ya chupa ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Kwa mikono yenye uzoefu, hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya sindano ni chini ya 1 kati ya 100. Ni ndogo, lakini ipo, na mama ana haki ya kuipima mwenyewe.

Anayesema inatosha, nitampokea yeyote Mungu atakayenijalia, asionekane mjinga. Anayetaka kujua naye asihukumiwe kwamba anataka kutoa mimba. Sheria zetu kuhusu hilo hazifanani. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja uhai na afya ya mama, sheria ya Rwanda ya 2018 inataja pia afya ya mtoto aliye tumboni. Kwa vyovyote, kipimo cha awali peke yake hakitoshi kuwa msingi wa uamuzi wa namna hiyo.

Wengi wanataka kujua ili wajiandae. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na ni heri kujifungulia karibu na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, au Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, kuliko kukimbizana na gari la wagonjwa baadaye. Picha ya ultrasaundi ikionyesha mgongo wazi au kichwa kikubwa, familia hujua mapema kwamba iko hospitali ya CURE kule Mbale inayowatibu watoto hao.

Mama mkwe na majirani nao wana neno lao, na neno hilo mara nyingi humwangukia mke: alitumia vidonge vya uzazi wa mpango, au kuna laana upande wa kwao. Kwa sehemu kubwa hali ya Down hutokea kwa bahati tu, pale seli zinapogawanyika. Mkunga anayeweza kulisema hilo mbele ya mume ameokoa ndoa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshagawana kazi katika vituo vya umahiri: saratani Uganda, moyo Tanzania, figo Kenya, lishe Burundi. Uchunguzi wa vinasaba vya mtoto aliye tumboni haumo katika orodha hiyo. Mawaziri wa afya wauweke, na waanze na washauri, maana mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja lakini mshauri mzuri huchukua miaka. Wakati huo huo kila wizara iagize kwamba maabara isiyo na mtu wa kumweleza mama majibu yake, kwa lugha anayoielewa, isimtoe damu kwa kipimo hiki.