Shomoro, mgeni aliyefuata nafaka

Kabla hujamaliza chai yako, hebu chungulia dirishani. Kama unaishi Nairobi au Mombasa, huenda ukamwona ndege mdogo wa rangi ya kahawia akiokota makombo mbele ya duka. Huyo ni shomoro. Watoto humrushia mawe, akina mama humfukuza anapotua kwenye uteo wa mchele, na hakuna anayemuuliza alitoka wapi.

Historia yake imefungamana na jembe. Hapo kale alikuwa ndege wa nyika, akila mbegu za nyasi. Kisha, yapata miaka 11,000 iliyopita, watu wa Mashariki ya Kati wakaanza kupanda ngano na shayiri. Shomoro naye akaona chakula cha bure! Kilimo kilipoenea hadi Ulaya na kwingineko, alifuata nyuma, kijiji baada ya kijiji, huku akizaana.

Utasema hii ni hadithi ya sungura na fisi. La. Mwaka wa 2018 wanasayansi walichapisha utafiti wa jeni za shomoro hawa wa majumbani. Waliwalinganisha na ndugu zao wa Asia ya Kati ambao mpaka leo hawataki mambo ya binadamu: hula mbegu za nyasi, na baridi ikikaribia huhamia kusini. Ilibainika kwamba koo hizi mbili ziliachana karibu na wakati ule kilimo kilipoanza. Tena, shomoro wa majumbani amebadilika katika sehemu yenye jeni za kumeng'enya wanga na za umbo la fuvu. Mdomo wake ni mnene kuliko wa nduguye, kama chombo cha kuvunjia punje ngumu. Ajabu ni kwamba mbwa pia, alipoachana na mbwa mwitu akaanza kula mabaki yetu, alibadilika katika jeni za wanga.

Kwetu Kenya aliletwa kutoka ng'ambo, akaingia kupitia Mombasa na baadaye akapanda bara. (Usimchanganye na shomoro wenyeji, ambao pia tunao.)

Lakini anayekula mezani kwa mwingine hushinda njaa meza ikibadilika. Huko Uingereza, shomoro wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970, na mwaka wa 2002 waliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio mashakani. Mashambani, mashine huvuna bila kumwaga punje nyingi, shamba hulimwa mara tu baada ya mavuno, na dawa huua wadudu. Hapo kwenye wadudu ndipo penye msiba. Shomoro mzima hula nafaka, ila makinda hulishwa wadudu. Wakiwakosa siku zile za kwanza, hufia kiotani hata kama ghala la jirani limejaa ngano.