Foleni ya Chipsi Si Siku ya Familia

Wasee, tusidanganyane. Kuchukua watoto Jumamosi, kuwapeleka jumba la maduka, kuwalipia dakika kadhaa za kurukia lile puto kubwa, kisha kuwakalisha mbele ya chipsi huku kila mtu mzima ameinamia simu yake, hiyo si siku ya familia. Hiyo ni siku ya mwenye jumba. Nyinyi mmeenda kumchangia.

Na ukijaribu kusema kuna njia nyingine, kwa mfano kusaka visanduku kwa GPS, unaangaliwa kama umerukwa na akili. Ati hayo ni mambo ya wazungu. Nimeambiwa hivyo na mtu amevaa jezi ya Arsenal! Yaani mpira wa Uingereza umeshapata kitambulisho cha Kenya, lakini kutembea msituni na mtoto mkitafuta kopo, huo ndio ukoloni. Sawa.

Kwa wale hawajui: mchezo wenyewe ulianza Mei 2000. Kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa inavuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na kifaa kingeweza kukupoteza kwa mita 100 hivi. Tarehe 2 Mei wakazima huo uvurugaji. Kesho yake jamaa anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon, akatia ndani vitu vidogo vidogo pamoja na mkebe wa maharagwe, akaandika namba za mahali hapo mtandaoni. Siku chache baadaye ilikuwa imepatikana. Ni hivyo tu. Leo kuna visanduku zaidi ya milioni 3 duniani, na Nairobi viko. Unaweka programu ya Geocaching kwa simu, akaunti ya kawaida ni bure, ramani inakuonyesha kilicho karibu. Ukikipata unaandika jina kwenye kikaratasi kilichomo na kukirudisha palepale. Ukichukua kizawadi, unaacha kingine cha thamani hiyo au zaidi. Chakula hakiwekwi, maana nyani hajui sheria.

Sasa utamu uko hapa. Simu haikufikishi. Chini ya miti GPS inakosea mita kadhaa, kwa hivyo inakuleta karibu halafu inakutupa. Hapo mtu mzima anageuka bure kabisa. Baba anazungusha simu hewani kama anatafuta netiweki, na binti wa miaka saba tayari amepiga magoti anachungulia mzizi, kwa sababu yeye macho yake yako karibu na ardhi. Nimeona wadogo zangu, watoto wa kuitwa mara tano na wasisikie, wakinyamaza dakika nzima kwa sababu mpita njia anakuja na hatakiwi kujua siri. Mmoja alijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa Crocs.

Niambie ni puto gani linampa mtoto hiyo.

Na mjue hii si stori ya mchezo pekee. Mtoto wa Pipeline au Umoja anajua Nairobi gani? Ploti, ngazi, basi la shule, kanisa, basi. Kiwanja alichokuwa achezee brikicho kimejengwa, ama kimekuwa kituo cha matatu. Halafu mahali palipobaki, palibaki kwa sababu kuna watu waliumia. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alipinga jumba la orofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni. Januari 1999 yeye na wenzake wakapigwa wakienda kupanda miti Karura, msitu ambao ulikuwa unakatwakatwa vipande vya wajenzi. Mama wa watu alitoka hapo akivuja damu kichwani. Na sisi siku hizi tunapita kando ya ua wa msitu huohuo, madirisha yamefungwa, tukikimbilia maegesho ya jumba la maduka. Mtoto anauliza, "Hapo ndani kuna nini?" Anajibiwa, "Miti."

Najua jibu lenu. Nairobi utanyang'anywa simu. Hiyo hoja siicheki, ni ya kweli, na ndiyo maana hakuna aliyesema mzurure na simu mkononi kila pahali. Nendeni kikundi, simu moja itoke, zingine zikae kwa mifuko, anzeni mahali penye ua na walinzi kama Karura. Na katikati ya jiji msifiche kitu. Mji uliopitia bomu la 1998 na Westgate 2013 hauna mzaha na kopo lililowachwa chini ya benchi. Hata Wetherby, mji mdogo wa Uingereza, mwaka wa 2011 kikosi cha mabomu kililipua kisanduku cha mchezo huu kwa sababu mtu alikishuku. Sheria ya mchezo inasema uombe ruhusa ya mwenye mahali kabla ya kuficha. Ombeni.

Lakini walio na shida kubwa kuliko hata wazazi ni nyinyi wenzangu wa video. Mtoto amepata kisanduku, mikono inamtetemeka, halafu unamwambia, "Rudisha, rudia tena, mwanga haukuwa poa." Mara ya tatu anacheka kicheko cha tangazo la sabuni. Umemwibia. Mbaya zaidi unaanika mahali pa siri kwa watu elfu kumi, wiki ijayo kopo limebebwa na familia iliyotoka Rongai na matatu mbili inakuta shimo tupu. Weka kamera chini. Mwache mtoto awe na kitu kimoja ambacho mtandao haujui.

Na kama nauli na kiingilio vimekataa mwezi huu, hamhitaji hata programu. Tafuteni kopo la mafuta ya kujipaka, lisafisheni, tieni karatasi na bano mbili tatu. Ongeeni na keateka ili asije akalitupa na takataka. Lificheni ndani ya ploti, andikeni hatua na alama: kutoka geti hatua 20, tafuta pale paka hulala. Watoto wa ploti B wapewe hiyo karatasi, wakipata wafiche yao. Mtashangaa nani atakuwa wa kwanza kushuka ngazi Jumamosi asubuhi, bila kuitwa.

Na mbebe kalamu. Watu hufika hadi kwa kisanduku ndio wanakumbuka hawana kalamu.