Data za mpakani zikutane kwenye simu ya mfanyabiashara

Mfanyabiashara anayetoa vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, kuvipeleka Nairobi kupitia Namanga huianza safari kwenye simu kabla lori halijawashwa. Humpigia dalali wa sokoni kuuliza bei ya gunia. Humpigia wa pili kwa sababu wa kwanza hamwamini. Humuuliza mbadilisha fedha shilingi ya Kenya imeamkaje. Kisha humtafuta wakala wa forodha amweleze kama cheti cha afya ya mimea alichokata bado kinafaa, na kama foleni ya malori ni ndefu. Simu tano au sita, vocha imekwisha, na majibu mawili kati ya hayo hayapatani.

Kinachoudhi ni kwamba karibu kila jibu analolitafuta limeshaandikwa mahali. Wizara ya Kilimo ya Kenya ina mfumo wa KAMIS unaoonyesha bei za mazao katika masoko ya nchi hiyo. Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki lina mtandao wa RATIN wenye bei za nafaka za nchi kadhaa. Benki kuu hutangaza viwango vya kubadilisha fedha kila siku ya kazi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, pamoja na KEPHIS ya Kenya, zina kumbukumbu za vibali zilivyotoa. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zina tovuti za taarifa za biashara zinazoeleza hatua za kuingiza na kutoa bidhaa, na zina mifumo ya dirisha moja ya kuombea vibali. Kila mfumo umesimama peke yake kama duka lenye kufuli yake, na mwenye mzigo ndiye anayetumwa kuzunguka na funguo.

Kuunganisha data za namna hii si jambo geni wala si la watu wa mbali. Mwaka 2005 nchini Marekani, mtaalamu wa kompyuta Paul Rademacher alichukua matangazo ya nyumba kutoka Craigslist akayapanga juu ya ramani ya Google. Matangazo hayakuwa yake, ramani haikuwa yake. Yeye aliviweka pamoja, na aliyetafuta nyumba akaona kwa mara moja ipo mtaa gani na kwa bei gani. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, Wakenya na wenzao walitengeneza Ushahidi: taarifa za wananchi, zikiwamo zilizotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, zilipangwa kwenye ramani ya mtandaoni. Jina ni la Kiswahili, na tangu hapo limetumika katika majanga ya nchi nyingi duniani. Aliyewahi kuitazama ramani ile hahitaji kuhubiriwa faida ya kukutanisha habari zilizotawanyika.

Serikali zenyewe zinaijua faida hiyo, kwani zimekwisha kuitumia kwa ajili yao. Chini ya utaratibu wa eneo moja la forodha ulioanza mwaka 2014, mifumo ya forodha ya nchi wanachama hupashana habari za shehena. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki, hivyo ofisa aliye Kampala anaweza kulifuatilia kwenye kioo lori lililoondoka Mombasa. Mifumo imeshafundishwa kuzungumza. Mwenye mali ndiye hajaalikwa kwenye mazungumzo.

Gharama ya kutoalikwa huko ilionekana wazi Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliiandikia forodha barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokuwa njiani yakakwama, Namanga ikiwa miongoni mwa mipaka iliyoguswa. Siku tano baadaye zuio likaondolewa, ila kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni, na kuwe na cheti cha uasili kinachotaja wilaya mahindi yalikolimwa. Masharti matatu, na kila moja lina ofisi yake na karatasi yake.

Mtu anaweza kubishana kama zuio lile lilikuwa la haki. Sumukuvu inaua, na hakuna serikali ya kulaumiwa kwa kuiogopa. Lakini mwenye tani 30 za mahindi barabarani hakuwa na mahali pamoja pa kuuliza: je, mzigo wangu unapita leo, na kama haupiti, unapungukiwa nini? Picha ya barua ikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp haisemi kama tamko la jana limebadilishwa asubuhi hii. Programu iliyounganishwa na mamlaka ya mazao, shirika la viwango na forodha ingeweza kulisema hilo kwa mstari mmoja.

Ipo faida ndogo zaidi ya hiyo, na huenda ndiyo ingewagusa wengi zaidi. Utaratibu wa biashara rahisishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, asilipe ushuru wa forodha, mradi bidhaa ni ya nchi wanachama na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kodi nyingine na vibali vya afya haviondoki. Sasa mama mwenye magunia ya maharage pale Busia anajuaje kama yumo ndani ya dola 2,000? Anahitaji bei, kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo, na orodha ya bidhaa. Vitu vitatu, sehemu tatu. Kuzidisha na kugawanya ni kazi ya kikokotozi, lakini wapo wanaokatiza njia za panya na kuitwa wa magendo kwa mzigo ambao, getini, usingedaiwa ushuru hata senti.

Kilichokosekana ni mlango. Wataalamu huuita API: sehemu ya mfumo ambapo programu nyingine inaruhusiwa kubisha hodi na kuuliza, bei ya leo ni ngapi, kibali hiki kingali hai, ikajibiwa bila kuingizwa chumbani. Taasisi ikifungua mlango huo na kuchapisha kanuni zake, vijana wa Arusha, Nairobi, Kampala au Kigali wanaweza kutengeneza zana ya wauza nafaka, nyingine ya wauza mitumba, nyingine ya wasafirishaji, bila kuomba barua kila mara. Hata lugha ya pamoja ya bidhaa ipo tayari. Nchi zinazotumia ushuru wa pamoja wa Jumuiya hupanga bidhaa kwa namba zilezile. Yawe ya njano au mekundu, kwa jina la Kyela au la Kisumu, maharage makavu huanzia kwenye 0713.

Hapa serikali zijizuie zisitengeneze kila zana zenyewe. Mipaka hii imeona miradi ya kutosha ikizinduliwa kwa hotuba na ngoma. Ufadhili ukiisha, kofia na fulana zinabaki, tovuti haifunguki. Kazi ya serikali ni kutunza data iwe sahihi, na kuandika tarehe na saa iliyokusanywa. Bei ya juzi ikionyeshwa kama ya leo ni hatari kuliko kutokuwa na bei kabisa.

Maofisa husema kwamba kufungua mifumo ni kukaribisha wadukuzi na kuanika siri. Hoja hiyo ina uzito kwa nusu ya jambo tu. Ada, masharti, orodha za bidhaa, viwango vya fedha na urefu wa foleni si siri ya mtu. Nani ameingiza nini, kwa thamani gani na kwa wakala gani, hiyo ni mali yake na ibaki nyuma ya kufuli. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022, hivyo mahali pa kuuchora mpaka huo papo.

Wafanyabiashara wana hofu yao pia, na haipaswi kuchekwa. Mwenye kibanda huogopa kwamba zana inayomwonyesha bei leo itamwonyesha yeye kwa mkusanya kodi kesho. Njia ya kuituliza hofu hiyo ni kuruhusu atazame bei, masharti na foleni bila kujisajili, bila namba ya mlipa kodi wala ya kitambulisho. Ajitambulishe pale tu anapoomba kibali.

Halafu kuna simu yenyewe. Wengi wanaovuka na mizigo midogo hutumia simu ya kitochi, na bando si la kuchezea. Zana isiyofanya kazi kwa menyu ya nyota na reli itawahudumia waliokwisha kuhudumiwa. Nayo iongee Kiswahili. Wakuu wa nchi waliridhia Februari 2021 kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, lakini mtu akitafuta masharti ya kuvusha nyanya kwenye mifumo mingi hukutana na Kiingereza cha kisheria ambacho hata wakala humwomba mwenzake amsomee.

Gazeti hili linaona kwamba Baraza la Mawaziri la Jumuiya halihitaji mkataba mpya kwa hili. Linahitaji kuziagiza taasisi zinazotoa vibali na zinazokusanya bei zitaje tarehe ya kufungua milango yao, na kuitaka Sekretarieti iliyopo Arusha itangaze hadharani nani amefungua na nani bado. Pa kuanzia panaweza kuwa pamoja: Namanga, na zao moja la mahindi. Mavuno ya Mbeya, Songwe na Rukwa huanza kushuka katikati ya mwaka, na malori yatakayoyapeleka kaskazini yatafika getini na maswali yaleyale ya Machi 2021. Vyama vya wafanyabiashara wa pande zote mbili viiombe tarehe hiyo sasa, kwa maandishi, kabla gunia la kwanza halijashonwa.