Gari za okazio: rangi inang'aa juu, kutu inakula chini

Mtu anayenunua gari Butembo, Beni au Bunia anafanya vile vile karibu kila mara. Anaizunguka gari, anafungua kapo, anaomba moteri iwashwe, anasikiliza. Anaingia ndani, anasoma kilometa, anajaribu redio na vioo. Kisha anaanza kubishana bei na komisioneri. Hakuna aliyepiga magoti. Sehemu inayobeba moteri, abiria na mizigo yote, ile inayopokea kila shimo la barabara, inanunuliwa bila kuonekana.

Na fedha yenyewe si ya mchezo. Ni dola za kakao au kahawa za misimu kadhaa, ni likelemba, pengine ni shamba la familia lililouzwa ili kijana apate taxi ya kumlisha. Gari ikivunjika mgongo baada ya miezi sita, deni linabaki palepale.

Wengi wanadhani kutu ni uzee, kwa hiyo wanauliza mwaka tu. Hata serikali za jirani zinahesabu miaka: Kenya haikubali kuingiza gari yenye zaidi ya miaka 8, Uganda imeweka mpaka kwenye 15. Miaka ni kipimo kizuri kwa moshi na kwa moteri. Kwa kutu, inadanganya. Gari nyingi zinazofika mashariki mwa Congo kwa njia ya Mombasa, Kampala na Kasindi zinatoka Japani, na Japani si hali ya hewa moja. Kaskazini, kwenye kisiwa cha Hokkaido na majimbo ya theluji kama Niigata, barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Maji hayo ya chumvi yanarushwa na matairi chini ya gari, yanaingia kwenye maungio ya bati na ndani ya shasi, na yanakaa humo. Gari ya miaka 8 iliyoishi huko inaweza kuwa imeoza kuliko ya miaka 18 iliyotumika kusini, mbali na bahari. Zile zinazotoka Ubelgiji na sehemu nyingine za Ulaya zina shida hiyo hiyo.

Chumvi hiyo haibaki Japani. Inasafiri na gari, na ikikutana na mvua za huku inaendelea kuvuta unyevu. Anayesema «hapa kwetu hakuna theluji» amesahau hilo.

Wapo pia wanaosema Toyota haiozi. Huko Marekani, mwaka 2016, Toyota yenyewe ilikubali kumaliza kesi kuhusu shasi zilizokuwa zikiliwa na kutu za Tacoma, Tundra na Sequoia. Ilihusu gari karibu milioni 1.5, na gharama ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Jina la kampuni halizuii chumvi.

Basi mnunuzi aangalie nini? Kwanza atofautishe kutu na kutu. Ile nyekundu nyembamba inayokaa juu ya chuma kinene, kwenye ekseli, kwenye bomba la moshi, kwenye vichwa vya bulo, haipaswi kumtisha mtu. Karibu kila gari iliyotumika inayo, na brosi ya chuma inaiondoa. Ya pili inatoka kwa magamba, tabaka juu ya tabaka, na chuma kinaonekana kimevimba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndiyo maana bati mbili zilizoungwa zinaanza kuachana. Hapo kuna kazi, na bei lazima ishuke. Ya tatu ni tundu, au sehemu inayobonyea ikisukumwa na turnevisi. Tundu likiwa kwenye kinachobeba uzito, mazungumzo yamekwisha.

Mahali pia panahesabika. Pick-up na jipu kubwa, kama Hilux na Land Cruiser, zina shasi kamili, zile nguzo mbili ndefu za chuma. Zinaoza zaidi nyuma, pale shasi inapopinda juu ya ekseli na pale resori zinaposhikiwa, kwa sababu matope yanajikusanya hapo na hayakauki. Mbaya zaidi, nguzo hizo ziko wazi ndani na zinaanza kuoza kutokea ndani, kwa hiyo taa iingizwe kwenye matundu yake. Nyundo ndogo inasaidia: chuma kizima kinalia wazi, kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa na unga mwekundu unamwagika. Probox, Noah au RAV4 hazina shasi ya namna hiyo, bodi nzima ndiyo inayobeba. Huko jicho liende chini ya milango, kwenye sehemu za kuwekea kriki, na pale amotisere zinaposhikwa. Gari ikiinuliwa kwa kriki, bati likikunjamana, jibu limepatikana.

Halafu zile bomba nyembamba za freni. Hazionekani kuwa na maana, na fundi anaweza kuzibadilisha bila gharama kubwa. Lakini bomba iliyoliwa inapasuka siku mguu unapokanyaga kwa nguvu, yaani kwenye mteremko, gari imejaa watu. Katika milima ya Lubero miteremko haikosekani.

Kuna jambo moja linalopaswa kumshtua mnunuzi kuliko kutu yenyewe: gari ya okazio ambayo chini yake ni nyeusi, safi, inang'aa. Muuzaji atasema imepakwa dawa ya kuzuia kutu. Huenda ni kweli. Lakini rangi ile ile, au mafuta machafu ya vidanji, inafunika magamba na tundu zilizozibwa kwa mastiki, na chini yake chuma kinaendelea kuoza bila mtu kujua. Kutu inayoonekana inapimika. Sumaku iliyofungwa kwa kitambaa inagundua mastiki, kwa sababu haishiki pasipo na chuma.

Kuchomelea nako si dhambi. Wasudeur wa Butembo wanajua kazi, na shasi iliyokatwa hadi kwenye chuma kizima, ikawekwa bamba la unene unaofaa, inaweza kudumu. Bamba lililobandikwa juu ya uozo ni kitu kingine. Pembeni yake patapasuka.

Anayeagiza gari kutoka Japani bila kuiona ana silaha moja ambayo wengi hawaitumii: karatasi ya mnada. Kutu kwa Kijapani ni sabi, na kwenye karatasi hiyo herufi S inaonyesha kutu, C inaonyesha palipoliwa kabisa. Tarakimu inayofuata inaeleza ukali: S2 ni mbaya kuliko S1. Ila ule mchoro unaonyesha zaidi bodi ya nje. Habari za chini mara nyingi zimeandikwa pembeni na mkaguzi, kwa Kijapani, na zinapaswa kutafsiriwa kabla ya kutuma dola. Picha za chini ziombwe pia, za karibu, nyuma na mbele. Muuzaji anayetuma picha 20 za viti na hata moja ya shasi hana, amekwisha kusema kitu.

Serikali nayo ina sehemu yake. OCC ipo mpakani kukagua bidhaa zinazoingia, na kontrole tekniki ipo kwa gari zinazotembea. Lakini barabarani kinachoombwa ni karatasi, na karatasi haina shasi. Kama raia analipia ukaguzi, basi gari ipandishwe juu ya shimo na mtu ateremke na taa. Kuandika kwenye cheti hali ya shasi na ya bomba za freni, mstari mmoja tu, kungetosha kwa kuanzia. Mkaguzi aliyeweka sahihi angejulikana siku gari inapokatika katikati na abiria wake.

Wakati hilo halijafanyika, wenye parkingi za kuuzia gari wanaweza kuanza wenyewe: kumruhusu mnunuzi apeleke gari kwenye shimo la garaji anayoichagua yeye, pamoja na fundi wake, kabla ya avansi kulipwa. Anayekataa, eti gari itachafuka au mteja mwingine anasubiri, aachwe na huyo mteja mwingine.