Wajaribu programu wa benki tunao mipakani, waajiriwe

Mwaka jana nilikwama Mutukula kwa sababu ya sifuri moja. Nilikuwa upande wa Tanzania, nikamtumia mwenyeji wangu wa Masaka shilingi 180,000 kwa programu ya simu ya benki yangu. Pesa ikakatwa kwenye akaunti, kwake haikufika. Huduma kwa wateja wakanijibu, "Kaka, mtandao unasumbua, subiri saa 48." Zikapita, nikaambiwa nisubiri tena.

Aliyenifumbua macho ni binti wa kibanda cha wakala karibu na maegesho ya malori. Alimaliza kidato cha nne, hakupata nafasi ya kuendelea. Akaniuliza, "Namba ya Uganda umeianza na sifuri au na 256?" Nilikuwa nimeianza na sifuri. "Ndiyo maana. Ukianza na sifuri inakubali, inakata pesa, halafu haiendi popote. Ukianza na 256 inafika. Nimejaribu mara nne, elfu moja moja." Wateja watatu walikuwa wamemlalamikia kabla yangu, naye akaamua kutafuta sababu kwa pesa yake mwenyewe.

Hiyo ni kazi inayolipwa kwingineko. Uingereza, mwanafunzi anayemaliza sekondari anaweza kuingia benki moja kwa moja kama mwanagenzi wa majaribio ya programu. Analipwa mshahara tangu siku ya kwanza, na kwa miaka mingi kanuni ilitaka angalau moja ya tano ya muda wake wa kazi iwe ya masomo. Baada ya takriban miaka 2 anafanyiwa tathmini na kupewa cheti. Gharama za mafunzo hutoka kwenye tozo iliyoanza mwaka 2017: mwajiri ambaye mishahara yake inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hulipa nusu asilimia. Hakuna anayemdai kijana huyo shahada na uzoefu wa miaka 2, kama matangazo ya kazi ya benki zetu yanavyodai hata kwa nafasi ya mtu wa kubofya vitufe.

Wenzetu hao nao walijifunza kwa maumivu. Aprili 2018 benki ya TSB ilihamisha wateja wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya mara moja. Wengi walifungiwa nje ya akaunti zao, na mambo yalichukua hadi Desemba kutulia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa kati ya vituo viwili vya data, majaribio yalifanyika kimoja tu. Mwaka 2022 wasimamizi wa fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65.

Karibu zaidi na sisi ni Ethiopia. Machi 2024 Benki ya Biashara ya Ethiopia ilikuwa inafanya marekebisho ya mfumo wake, na kwa saa kadhaa watu wakaweza kutoa pesa kuliko walizonazo. Habari ikaenea vyuoni usiku, foleni zikajaa kwenye mashine za kutolea fedha, na benki ikabaki kuwaomba watu warudishe mamia ya mamilioni ya birr. Wanafunzi wa vyuo waliuona mwanya ndani ya usiku mmoja. Ningependa watu wa aina hiyo wauone wiki mbili kabla, wakiwa kwenye orodha ya mishahara ya benki.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani makosa haya yana sura zake, na ndizo mtu wa makao makuu hazifikirii. Chukua senti. Katika viwango vya kimataifa vya sarafu, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina tarakimu 2 za senti. Shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi hazina hata moja. Mifumo mingi huhifadhi kiasi kwa kipimo kidogo kabisa, kwa hiyo shilingi 5,000 za Kenya zinaandikwa ndani kama 500000. Programu ikisahau kwamba ng'ambo hakuna senti, mzigo wako wa mahindi unalipwa mara mia, au sehemu moja ya mia.

Chukua saa. Ikiwa saa sita na nusu usiku Rusumo upande wa Tanzania, ng'ambo ya mto Kagera ni saa tano na nusu na bado ni jana. Je, kiwango chako cha kutuma kwa siku kimeanza upya au bado? Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma mwaka 2021. Kuna majina pia. Fomu isiyokubali alama ya juu inamkataa Ng'ang'a, na fomu inayodai jina la ukoo inamkwamisha mwenye kitambulisho cha jina moja. Kila moja ya hizi ni jaribio la dakika 5 kwa mtu anayejua kuuliza.

Mabenki yatasema vijana hawa hawawezi kuachiwa siri za wateja. Hawazihitaji. Majaribio yanayofanywa vizuri hutumia akaunti za kubuni kwenye mfumo uliotengwa. Watasema pia kwamba siku hizi kompyuta inajijaribu yenyewe. Ni kweli, ila inajaribu kile ilichoandikiwa, na aliyeandika hajawahi kukaa kibandani Mutukula.

Hofu yangu ni nyingine: kwamba uanagenzi utageuzwa kuwa vibarua wa bei rahisi wanaotumwa kununua chai. Tumeona hayo kwenye mafunzo kazini. Kwa hiyo mshahara na cheti viandikwe kwenye mkataba, na cheti kikubalike pande zote. Jumuiya ina makubaliano ya kutambuana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Binti wa Mutukula hayumo humo, wakati yeye ndiye anayevuka kila siku.

Fedha za kuanzia zipo. Tanzania waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi hulipa tozo ya ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mabenki makubwa ya ukanda huu yanalipa pande zote mbili na yana matawi pande zote mbili. Yachukue vijana 10 kila mpaka, Busia, Namanga, Rusumo, Tunduma, na kuwafundisha.

Nanyi wafanyabiashara, afisa wa benki akija sokoni na fulana za bure kuwauzia programu mpya, muulizeni ilijaribiwa na nani, kwa laini ya nchi gani, na pesa ikipotea inarudi siku ya ngapi. Yangu ilirudi siku ya tisa, bila ujumbe wowote. Binti hajarudishiwa elfu moja moja zake zilizopotelea kwenye sifuri, na mara ya mwisho nilipopita alikuwa ameandika 256 kwa kalamu nyekundu juu ya dirisha la kibanda.