Kufuli ya Pikipiki
Pikipiki iletayo riziki ya nyumba, na pengine deni lake halijaisha, yapasa ilindwe. Kufuli ya usukani peke yake haitoshi, maana huvunjwa kwa nguvu. Na kufuli ya diski ya breki haiwazuii wezi kuinua pikipiki na kuipakia garini. Twawashauri mnyororo wa feleji iliyogumishwa kwa moto, pete zake zikiwa na unene wa milimita 16 au zaidi, kwa kuwa mkasi wa mkono hukata iliyo myembamba. Upitisheni katika fremu na gurudumu la nyuma, kisha katika nguzo isiyong'oka. Wala usilale chini: mwizi huegemeza mkasi ardhini apate nguvu. Tumwombe Mungu ulinzi, wala tusimtie jirani majaribuni kwa uvivu wetu.